Uchakavu na uuzaji wa mali za kudumu

Uchakavu, katika uhasibu, ni kugawa gharama ya mali ya kudumu, kama vile mashine, gari au jengo, katika miaka yote ambayo mali hiyo itatumika. Si akiba ya kununulia mali mpya, ingawa wengi hudhani hivyo. Hakuna fedha inayotoka wala kuwekwa kando. Ardhi kwa kawaida haihesabiwi uchakavu.

Tuchukue mashine ya kusaga nafaka iliyonunuliwa kwa shilingi 10,000,000, inayotarajiwa kutumika miaka 5 na kubaki na thamani ya shilingi 1,000,000. Kwa njia ya kiwango sawa, uchakavu ni 1,800,000 kila mwaka, na baada ya miaka 3 thamani yake vitabuni ni 4,600,000. Kwa njia ya salio linalopungua, kwa asilimia 20, uchakavu ni 2,000,000, kisha 1,600,000, kisha 1,280,000. Thamani iliyobaki ni 5,120,000.

Mashine ikiuzwa wakati huo kwa 5,000,000, njia ya kwanza inaonyesha faida ya 400,000, ya pili hasara ya 120,000. Mashine ni ileile na bei ni ileile. Ndiyo maana faida ya namna hii isomwe kwa uangalifu: mara nyingi husahihisha makadirio ya awali tu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16 hakiruhusu faida hiyo iingizwe kwenye mapato ya mauzo. Mali inapouzwa, gharama yake ya awali na limbikizo la uchakavu, yaani jumla ya uchakavu uliokwisha kuhesabiwa, huondolewa vitabuni pamoja.