Msamiati wa Lahaja na Usomaji wa Ushairi Shuleni: Mtazamo wa Kihistoria

Suala la kumfunza mwanafunzi msamiati mpya huku akisoma lina historia yenye njia mbili zinazokinzana. Njia ya kwanza ni kuipunguzia matini uzito. Huko Bengal, katika miaka ya 1920, Michael West alitunga vitabu vya kusomea Kiingereza ambamo maneno mapya yalitawanywa na kurudiwarudiwa, na yale adimu yakaepukwa. Orodha yake ya maneno ya msingi yapatayo 2,000 ilichapishwa mwaka wa 1953.

Katika Afrika ya Mashariki, upunguzaji huo ulichukua sura ya usanifishaji. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka wa 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka wa 1930 ikavipitia vitabu vya shule ili viafikiane na msingi huo. Nathari ilinufaika. Hata hivyo, neno la lahaja likaja kuonekana kosa la kusahihishwa, wala si msamiati wa kufunzwa.

Njia ya pili ni kuiacha matini ilivyo na kuifafanua. Ushairi wa arudhi hauruhusu nyingine. Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), iliyotungwa gerezani kati ya 1969 na 1972, imejengwa juu ya Kimvita. Mhariri akibadilisha "mato" kuwa "macho" katika ubeti wa Kimvita wenye kina cha -to, kina huvunjika.

Hata hivyo, sherehe nayo ina kasoro. Mwanafunzi anayeelezwa kila neno peke yake hukariri visawe na kuusahau ubeti. "Mato", "nti", "teka" na "tungu" ni maneno manne, lakini kanuni ni moja: t ya Kimvita hulingana na ch ya Kiswahili sanifu katika "macho", "nchi", "cheka" na "chungu". Vivyo hivyo "ndia", "ndaa" na "ndoo" ni njia, njaa na njoo. Iwapo "ndoo" ni wito au chombo cha maji, muktadha huamua. Sherehe basi yafaa iachiwe maneno yasiyotabirika kwa kanuni.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima linalotahiniwa, hata kwa wanafunzi wa bara wasioijua Mvita. Kwao, kanuni hizi mbili ndizo mlango wa kuwasomea washairi wa pwani kwa lugha yao wenyewe.