Habari za Pampu Iliyokufa: Fundi, Kipuri na Simu katika Uwanda wa Ufipa

Uwanda wa Ufipa umekaa kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800, na maziwa hayo yako chini yake kwa takribani mita 1,000, nyuma ya kingo kali za Bonde la Ufa. Mtambo wowote unaofungwa huku huwa mbali na kiwanda kilichouunda, mbali na ghala la vipuri, na mara nyingi mbali na fundi mwenyewe. Siku hizi fundi hubeba simu au kishikwambi anapokwenda kuukagua. Ili tuelewe kifaa hicho kimebadili nini, na nini kimebaki vilevile, yafaa tuanzie wakati ambapo umbali huo haukuwapo.

Wakati huo mtambo mkubwa wa Ufipa ulikuwa tanuri la kuyeyushia chuma. Wenyewe waliliita ilungu, na yakiwa mengi, malungu. Lilikuwa mnara wa udongo wenye kimo cha mita tatu hivi, na hewa iliingia yenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, bila mtu kuvukuta. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, kwa hiyo kilihamishiwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, lililotumia mivukuto. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyeyachunguza mabaki haya katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba malungu hayakuwa ufundi pekee wa eneo hili. Ulikuwapo pia ule wa katukutu, ulio wa kale zaidi.

Jambo la kuzingatia hapa ni jinsi matengenezo yalivyofanyika. Udongo wa kujengea, kuni za mkaa na mawe yenye chuma vilipatikana kwa mwendo wa miguu. Fundi mkuu alikesha kando ya tanuri, na ukuta ulipopasuka aliuona mwenyewe, akauziba kwa udongo uleule, wala hakumwomba mtu ruhusa. Habari ya hitilafu, ujuzi, kipuri na mamlaka ya kuamua vilikuwa mahali pamoja.

Malungu yalizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wengine hutaja majembe ya Ulaya yaliyojaa madukani kwa bei nafuu. Wengine hutaja utawala wa kikoloni, pamoja na kodi iliyowasukuma vijana kwenda kutafuta mshahara katika mashamba ya mkonge. Mimi naona sababu hizi mbili zilisaidiana. Jembe la dukani lilipunguza faida ya kufua chuma, na kuondoka kwa vijana kulimnyima fundi mwanafunzi wa kumrithi.

Mitambo iliyofuata ilitoka nje. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo mwaka 1991. Mkoa wa Rukwa, wenye uwanda huu, ulianzishwa mwaka 1974, na Norway, kupitia shirika lake la NORAD, ikawa mfadhili mkubwa wa maji katika mkoa huo mpya. Kisha bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikaikausha hazina ya taifa, na injini za dizeli za kusukuma maji zikakosa mafuta na vipuri. Hapo ndipo pampu ya mkono ilipopata heshima, kwa kuwa haili dizeli. Hata hivyo ina mpira wa kuziba unaolika, fito za chuma zinazokatika na bomba linalotoboka. Sera za maji za mwaka 1991 na 2002 ziliwakabidhi wanakijiji jukumu la kuyagharimia matengenezo hayo. Kiwanda cha kuunda pampu hakikuhamia kijijini pamoja na jukumu hilo.

Fikiria basi pampu iliyokufa wakati wa masika katika kijiji kilicho chini ya kingo za uwanda. Kamati ya maji iliandika barua, ikampa mtu mwenye baiskeli, naye akaipeleka wilayani kwa mhandisi wa maji. Barua ilisema tu kwamba pampu haitoi maji. Fundi alipofika aligundua kilichovunjika, akarudi mjini kukitafuta, kisha akafanya safari ya pili kwenda kukifunga. Kwa hiyo siku nyingi zilipotea kwa sababu barua haikuweza kuonyesha ubovu ulikuwa wapi.

Viwanda vikubwa vya nchi tajiri vilikuwa na tatizo lilelile ndani ya uzio wao. Fundi wa zamu alizunguka na daftari, akiandika joto la beringi na shinikizo la bomba, na karatasi zake zilisomwa ofisini baada ya saa au siku kadhaa. Mwaka 1984 kampuni ya Psion ya London ilitoa kompyuta ndogo ya mkononi, na vifaa vya jamii hiyo vikaingia taratibu maghalani na viwandani. Fundi aliweza kusoma namba ya mashine, kuingiza vipimo papo hapo na kuona mashine hiyo ilitengenezwa lini mara ya mwisho. Lakini faida hizo zote zilitegemea kitu ambacho kiwanda kilikuwa nacho tayari: ghala la vipuri jirani, na mkuu wa karakana mwenye bajeti.

Tanzania ilipata mtandao wa kwanza wa simu za mkononi mwaka 1994, na kampuni zilipoanza kushindana kuanzia mwaka 2000, minara ikasambaa mikoani. Huduma ya M-Pesa ilipofika mwaka 2008, kijiji kiliweza hata kutuma fedha za kipuri. Karibu wakati uleule barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 220, ilianza kuwekwa lami kwa fedha za Marekani kupitia mkataba wa MCC, shirika la misaada la serikali ya nchi hiyo, uliotiwa saini mwaka 2008. Watu wengi huipa simu sifa yote ya kufupisha matengenezo katika miaka hiyo. Kwa maoni yangu barabara inastahili sehemu kubwa zaidi, kwani simu ilipeleka maombi ya fito za pampu, na fito zenyewe zilikuja kwa lori.

Umeme nao unaonyesha, kwa namna nyingine, kwamba simu peke yake haitoshi. Sumbawanga ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme kutoka Zambia na kusaidiwa na majenereta ya dizeli. Hitilafu ilipotokea upande wa pili wa mpaka, fundi wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliyekuwa na simu nzuri kabisa aliweza kuuliza tu. Kukata na kuunganisha kulikuwa mikononi mwa wengine. Njia ya msongo wa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ilibuniwa ili, pamoja na mambo mengine, kuondoa utegemezi huo.

Kifaa cha mkononi kiliingia rasmi katika huduma ya maji vijijini kwa njia ya kuhesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ilituma watu nchi nzima, Rukwa ikiwamo, wakiwa na vifaa vya GPS, kuandika kila kituo cha kuchotea maji: mahali kilipo, aina ya pampu, mwaka wa ujenzi na hali yake. Katika sehemu ya takwimu hizo iliyotolewa hadharani, yenye vituo 59,400, asilimia 54 vilikuwa vinafanya kazi, asilimia 7 vilifanya kazi lakini vilihitaji matengenezo, na asilimia 38 vilikuwa vimekufa. Kwa mara ya kwanza ukubwa wa tatizo ulionekana kwa ramani. Lakini hesabu hiyo ilionyesha hali ya siku ile tu. Pampu iliyokufa mwezi uliofuata haikuwamo.

Shirika la Daraja lilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mradi wa Maji Matone. Mwananchi alitakiwa kutuma ujumbe mfupi pampu ikiharibika, na ujumbe ukafikishwa kwa mhandisi na kwa vyombo vya habari. Lengo lilikuwa jumbe 3,000. Zilizopatikana ni 53. Shirika lenyewe lilitangaza matokeo hayo waziwazi, jambo ninaloliheshimu sana. Maelezo yaliyotolewa ni kadhaa: mtandao hafifu, wanawake na watoto wachotao maji kutokuwa na simu, na hofu ya kumkasirisha kiongozi. Yote yana ukweli. Hata hivyo naona la nne ndilo zito zaidi: watu walikuwa wamekwisha kutoa taarifa kwa miaka mingi bila fundi kuja, na hawakuona sababu ya kulipia ujumbe mwingine.

Jaribio la Kyuso, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, linaipa nguvu hoja hiyo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga katika mipini ya pampu 66 kifaa kidogo kinachohisi mpini unavyopanda na kushuka, kikatuma taarifa chenyewe kupitia mtandao wa simu. Muda wa pampu kukaa bila kufanya kazi ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Lakini pamoja na kifaa, kulikuwa na kikosi cha mafundi waliolipwa, wenye usafiri na vipuri, waliosubiri taarifa hiyo. Kifaa bila kikosi kingehesabu siku za ukame tu.

Tanzania ilibadili upande wa mpokeaji wa taarifa mwaka 2019. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na wahandisi wa maji wa wilaya wakaondoka chini ya halmashauri na kuingia chini ya Wizara ya Maji. Kamati za vijiji nazo zimekuwa zikiunganishwa kuwa vyombo vikubwa zaidi vya watoa huduma ngazi ya jamii, vinavyoweza kuajiri fundi na kuweka akiba ya vipuri. Picha ya fito iliyokatika ikitumwa leo kutoka kijiji cha mwambao wa Ziwa Rukwa, inamfikia mhandisi anayewajibika kwa wakala mmoja; na kinachoamua kama maji yatatoka wiki hiyo ni kiasi kilichomo katika akaunti ya chombo kinachokihudumia kijiji hicho.