Sabufa: Besi au Mtikisiko?

Ukiulizia sabufa kwenye duka la Kariakoo, utaletewa seti nzima: boksi kubwa lenye amplifaya, redio na tundu la flashi kwa mbele, pamoja na spika ndogo za kupanga pembeni. Nairobi mzigo huohuo huitwa wufa. Maana ya asili ya majina haya ni finyu zaidi. Wufa linatokana na “woof”, neno la Kiingereza la mbweko mzito wa mbwa, na “sab” ya mwanzo, yaani “sub”, ina maana ya chini yake. Sabufa, basi, ni boksi moja la sauti zilizo chini ya zile za spika ya besi, ndiyo maana tafsiri inayotangulia mdomoni, “spika ya besi”, haitoshi. Spika ya besi imo hata ndani ya spika za kawaida za sebuleni. Sabufa hupokea pale hiyo inapochoka, mara nyingi kwenye hezi 80, ikashuka kuelekea 20, ambako sikio linakaribia kukoma na kifua kinaanza kusikia.

Kwenye muziki, sabufa hubeba noti. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41 hivi, na spika ndogo haifiki huko kwa raha. Kazi ya sabufa ni kuimalizia noti ileile bila msikilizaji kugundua kwamba imebadilisha boksi. Kwa hiyo sauti yake hupunguzwa, swichi ya fazi (0 na 180) iliyo nyuma hugeuzwa huku na huku mpaka besi ijae, na boksi husogezwa mbali na kona, maana kona huvimbisha baadhi ya noti kupita nyingine. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu, zaidi ya sebule nyingi. Chumba chenyewe kinakuwa sehemu ya ala. Filamu inadai kitu kingine. Mfumo wa sauti wa 5.1 una njia ya pekee, ile “.1”, inayoishia hezi 120 na kutengenezwa ili isikike kwa desibeli 10 juu ya nyingine. Humo mna mlipuko, radi, kifaru kinachopita, na mtazamaji anataka kochi litetemeke. Hiyo naona iitwe njia ya mtikisiko, neno besi libaki kwa muziki.

Atakayepinga atasema sauti nzito ni sauti nzito, na koni ya spika inayoitoa ni ileile. Ni kweli. Lakini mwenye neno moja hukazania kitufe kimoja: anaongeza “besi” hadi mlipuko umridhishe, kisha anaweka dansi, na gitaa zito linageuka ngurumo isiyo na noti. Mwenye maneno mawili hupima kwanza kwa muziki, halafu huongeza kwa ajili ya filamu. Kuhusu soko kuiita seti nzima sabufa, sina ugomvi nalo; ila fundi akiambiwa “sabufa imekufa” hajui kama ni amplifaya au koni, na “seti ya sabufa” ingemwondolea swali moja. Nalo wazo la mtikisiko halikutungwa mezani. Mwaka 1974 filamu ya Earthquake ilipotoka Marekani kwa mfumo wa Sensurround, makabati makubwa ya spika yaliingizwa kumbini kwa kazi hiyo tu: watu wahisi ardhi ikitetemeka chini ya viti.