Mmiliki au Mtunzaji? Historia Fupi ya Malipo ya Uhifadhi wa Misitu

Mwaka 1996 Kosta Rika ilipitisha Sheria ya Misitu namba 7575, iliyotambua huduma nne za msitu: kupunguza gesijoto, kuhifadhi maji, kulinda bioanuwai na kudumisha uzuri wa mandhari. Kuanzia 1997 wamiliki wa ardhi walilipwa kwa huduma hizo, na kodi ya mafuta ikawa chanzo kikuu cha fedha. Mpango uliitwa wa malipo, si wa ruzuku. Apewaye ruzuku husaidiwa. Alipwaye ametoa huduma, naye ana haki ya kudai. Hata hivyo, hapo awali sharti la hati miliki liliwaacha nje wakulima wadogo wasio na hati.

Pwani ya Kenya ilifuata njia nyingine. Huko Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 hupata fedha kutokana na biashara ya hewa ukaa inayohifadhiwa katika hekta 117 za mikoko. Mikoko hiyo ni mali ya umma. Wanavijiji wa Gazi na Makongeni hawaimiliki, bali huitunza kwa makubaliano na mamlaka ya misitu. Mapato yamegharimia maji na elimu.

Kwa hiyo, sera ya Kiswahili inayomtaja "mmiliki wa ardhi" pekee ingewaengua watu wa Gazi kwa neno moja. Yafaa "mtunzaji" afasiliwe kisheria kabla fedha hazijaanza kugawiwa.