Kabla ya Kamusi, Krapf Alimsoma Fundi Viatu

Juni 8, 2024 ilitimia miaka 180 tangu mmisionari Johann Ludwig Krapf na Kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, waanze kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Hapa Ganjoni, Mombasa, siku hiyo ilipita kama Jumamosi nyingine yoyote.

Krapf tunamjua kwa kamusi yake ya Kiswahili, na kwa theluji ya Mlima Kenya aliyoiona mwaka 1849. Lakini kitabu chake cha safari, kilichotoka Ujerumani mwaka 1858, kinamwonyesha mtu mwingine. Alipokuwa na miaka 11 kijijini Derendingen, jirani alimpiga vibaya kwa kosa la mtoto mwingine. Aliugua miezi sita, na kitandani alishinda na habari za mababu wa Agano la Kale, akitamani kuisikia sauti waliyoisikia wao.

Baadaye, katika chuo cha wamisionari Basel, akazama katika maandishi ya Madame Guyon wa Ufaransa na Jakob Böhme, fundi viatu wa Görlitz. Hao waliitafuta batini, yaani maana ya ndani, ya Biblia, jambo ambalo masufi wetu wangelielewa upesi. Mwaka 1623 Böhme alikifafanua kitabu cha Mwanzo: anguko la Adamu, ugomvi wa Kaini na Abeli, Ibrahimu kuhama kwao, yote aliyaona yakitendeka nafsini mwa mtu anayezaliwa upya. Guyon naye alihimiza kusoma polepole mpaka maneno yageuke sala. Kijana akachanganyikiwa, akaacha chuo na kurudi kwao. Ni Peter Fjellstedt, mmisionari wa Uswidi, aliyemshawishi arejee, na mwaka 1837 Krapf akaenda Uhabeshi.

Huyo ndiye aliyekuja kuketi na kadhi Mombasa, na kitabu alichokitanguliza ni kilekile cha Mwanzo. Adamu, Nuhu na Yusufu hawakuwa wageni kwa kadhi. Alikuwa nao katika Kurani. Krapf aliihesabu siku ile miongoni mwa siku kubwa za maisha yake, lakini kadhi mwenyewe anamtaja kwa kupita tu. Inaniudhi. Mgeni yule angepata wapi Kiswahili cha kusimulia uumbaji?

Mwezi uliofuata homa ikaingia nyumbani. Rosine, mkewe, alijifungua mtoto wa kike, akafariki. Kichanga nacho kikamfuata. Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, si kisiwani, ili wapita njia walione kaburi. Krapf, naye hoi kwa homa, aliwaandikia wakubwa wake London kwamba kaburi lile ni ishara ya mapambano kuanza. Hata msiba wake aliusoma kwa batini.

Sura tatu za kwanza za Mwanzo yao zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Ikaja Biblia ya Unguja mwaka 1891, ya Kimvita mwaka 1914, kisha ya Muungano mwaka 1952. Watalii hupelekwa Fort Jesus. Ng'ambo ya Nyali, aliko Rosine, wachache hufika. Jina la kadhi sijalikuta kwenye bango lolote kisiwani.