Habari za Upote wa Upinde na Chombo cha Kuuzonga

Mtu akitaja upinde, mara sisi sote hufikiri ule mti uliopindwa, na mishale, na podo lililojaa begani. Ni wachache wafikirio upote, yaani ule uzi ufungwao toka ncha hata ncha. Walakini upinde usio na upote ni fimbo tu, na mshale wake hauna wa kuusukuma. Katika makala haya twataka kueleza jinsi watu wa kale walivyoutengeneza upote, kwa nini waliuzonga kwa uzi mwingine hapo katikati, na jinsi chombo cha kuzongea kinavyochaguliwa na kutumiwa. Twaanza na Uingereza, kwa sababu huko mambo haya yaliandikwa kitabuni zamani, na aliyeyaandika alikuwa mwalimu kama tulivyo sisi.

Jina lake Roger Ascham. Alisoma na kufundisha katika chuo cha Cambridge, na mwaka 1545 alitoa kitabu kiitwacho Toxophilus, kilicho mazungumzo ya watu wawili juu ya kupiga upinde. Siku zile wenye elimu waliandika kwa Kilatini, lakini yeye aliandika kwa Kiingereza ili hata mtu asiyejua Kilatini afaidike. Alimpa Mfalme Henry wa Nane kitabu hicho, na mfalme akapendezwa, akamwekea malipo ya pauni 10 kila mwaka. Baadaye, mwaka 1548, Ascham akawa mwalimu wa binti mfalme Elizabeth, ndiye aliyekuja kuwa malkia. Alikufa mwaka 1568, na kitabu chake kingine juu ya kufundisha watoto kikapigwa chapa mwaka 1570.

Tumemtaja Ascham kwa sababu hakudharau kitu kidogo. Katika sehemu ya pili ya kitabu chake anavieleza vyombo vya mpiga upinde kimoja kimoja: kinga ya mkono, kinga ya vidole, upote, upinde wenyewe, kisha mishale. Juu ya upote anafundisha kwamba mnunuzi hawezi kuona kwa macho yaliyomo ndani yake. Kwa hiyo hana budi kumtegemea fundi mwaminifu. Tena asema upote mnene una salama lakini hupeleka mshale polepole, na mwembamba hupeleka mshale mbio lakini hautumainiwi sana. Na ukianza kulika, hata kidogo, utupwe. Maana mtu akiona uchungu kupoteza uzi wa bei ndogo, atapoteza upinde wa bei kubwa.

Huenda msomaji akauliza: Yawezekanaje uzi ukatike na upinde nao uvunjike? Jibu ni hili. Mpigaji avutapo, nguvu za mkono wake huwekwa akiba katika mbao mbili za upinde, ya juu na ya chini. Akiachia, nguvu zile nyingi huenda katika mshale, na upote ukinyooka huzizuia mbao zisiruke mbele kupita kiasi. Lakini upote ukikatika, mshale haupokei sehemu yake, wala hakuna tena cha kuzizuia mbao. Nguvu zote hurudi katika mti wenyewe, nao hupasuka. Mara nyingine vipande humpiga mwenyewe usoni. Basi uzi ule mdogo walinda upinde, na pia walinda macho ya mtu.

Waingereza wa zamani walitengeneza upote kwa nyuzi za kitani na za mmea wa jamii ya bangi, ambao nyuzi zake zilikuwa maarufu sana Ulaya kwa kamba na matanga. Nyuzi zilipakwa nta ya nyuki, zikasokotwa pamoja. Katika mji wa London mafundi wa kazi hii walikuwa na chama chao wenyewe, mbali na chama cha wachonga pinde na chama cha watengeneza mishale. Hili latuonyesha kwamba kazi ya upote haikuhesabiwa kuwa kazi ya kando, bali ufundi kamili wenye heshima yake.

Sasa tuangalie upote unalika wapi. Pana mahali patatu. Pa kwanza na pa pili ni vitanzi vya ncha mbili, vinavyosugua upinde. Pa tatu ni katikati, na hapo ndipo taabu kubwa. Katikati hushika mkia wa mshale, ambao una ufa wa kuukumbatia upote. Hapo hapo vidole huvuta na kuachia. Na chini kidogo upote hupiga kinga ya mkono. Kila mshale unaopigwa huondoa unyuzi kidogo. Wahenga wetu walisema, Bandu bandu huisha gogo. Na ndivyo uishavyo upote usiolindwa. Kwa hiyo mafundi walizongea mahali hapo uzi mwingine, mzingo kwa mzingo, kila mzingo ukigusana na mwenzake, mpaka upote ukawa kama umevaa mkono wa kanzu. Uzi ule wa nje ndio ulikao kwanza, nao waweza kuondolewa na kuwekwa mwingine, na upote wa ndani ukabaki mzima.

Kazi ya kuzonga haikuwa ya wapiga upinde peke yao. Mabaharia wa merikebu za Ulaya nao walizongea kamba za milingoti ili zisilike wala zisioze kwa maji. Walikuwa na chombo cha mti kama nyundo, chenye mfereji kichwani. Kamba hukaa ndani ya mfereji, uzi hupitishwa kuzunguka kichwa na mpini ili ukaze, kisha chombo chazungushwa kuizunguka kamba, nacho chalaza mizingo sawasawa. Mkono mtupu huchoka na kulegea, chombo hakilegei. Wajapani nao wana desturi yao: upote hujengwa unene katikati kwa nyuzi zilizotiwa gundi, kisha husuguliwa kati ya vibao viwili vidogo viitwavyo doho, mpaka mahali pale pawe paviringo, pagumu, na penye kipimo sawa na ufa wa mshale.

Umuhimu wa upote ulionekana zaidi vitani. Tarehe 26 Agosti 1346 jeshi la Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza lilikutana na jeshi la Mfalme Philip wa Sita wa Ufaransa huko Crécy. Wafaransa walikuwa na watu wa Genoa, wapigao pinde za mtambo. Waandishi wa zamani wanasimulia kwamba kabla ya vita ilinyesha mvua kubwa. Mmoja wao, Jean de Venette, asema kwamba Waingereza walivua pote za pinde zao na kuzificha kichwani chini ya kofia, lakini pote za Wagenoa zililowa na kuharibika. Habari hii imependwa sana na walimu wa historia. Lakini mwaka 1903 Ralph Payne-Gallwey, aliyechunguza pinde za mtambo kwa mikono yake mwenyewe, alibisha kwamba upote uliotiwa nta vizuri hauharibiwi upesi na maji. Na kweli ziko sababu nyingine za kushindwa kwa Wagenoa siku ile: walikuwa wamechoka kwa safari, ngao zao kubwa zilikuwa nyuma katika mizigo, na pinde zao zilipiga polepole kuliko zile ndefu za Waingereza. Sisi twaona somo ni kwamba tusikubali sababu moja tu kwa kuwa ni tamu kusimulia. Walakini hata wenye kubishana wapatana kwa jambo moja: askari asiyetunza upote wake aliuweka uhai wake rehani.

Bunduki zilipozidi, upinde ulitoka vitani. Mwaka 1595 serikali ya Malkia Elizabeth iliamuru wapiga upinde wasihesabiwe tena katika majeshi ya wilaya, bali washike bunduki. Tangu hapo upinde ukabaki kuwa mchezo. Mwaka 1781 chama cha wapenda upinde kilianzishwa London, nacho kilichukua jina lake kutoka kitabu cha mwalimu Ascham.

Huko Marekani habari hii ina mlango mwingine. Mwaka 1911 alitokea karibu na mji wa Oroville, katika nchi ya California, mtu mmoja wa kabila la Yahi, aliyekuwa peke yake kwa kuwa watu wake walikuwa wameuawa na kutawanywa. Aliitwa Ishi, neno la kwao lenye maana ya mtu. Alikaa katika jumba la makumbusho mjini San Francisco, na hapo akafanya urafiki na daktari Saxton Pope, akamfundisha kuchonga upinde na kuwinda. Upote wa Ishi ulikuwa wa kano za mnyama, alizozitafuna mpaka zikalainika, kisha akazisokota. Upote wa namna hii una nguvu, lakini ukilowa hurefuka na kulegea. Ishi alikufa mwaka 1916. Bwana Pope aliendelea na kazi ile, lakini kwa pinde zake nzito alitumia uzi wa kitani uliotiwa nta na kuzongwa katikati. Mwaka 1925 yeye na wenzake walifika Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Walipofika hapa hawakuleta jambo geni. Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi walikuwa wakiwinda kwa pinde tangu zamani, na upote wao ni wa kano, kama ule wa Ishi. Watu wa nchi mbili zilizotengwa na bahari kuu walifikia ufundi mmoja, kwa kuwa mnyama aliwapa wote kitu kile kile.

Baada ya mwaka 1950 uzi wa kitani uliachwa kidogo kidogo, ukashikwa uzi wa viwandani uitwao Dacron, usiooza wala kuogopa maji. Katika miaka ya 1980 zikaja nyuzi nyingine nyembamba zenye nguvu zaidi, zisizorefuka sana. Lakini hata hizo zalika kwa kusuguliwa, na kwa hiyo kuzonga hakukuachwa. Siku hizi mpiga upinde hutumia chombo kidogo cha chuma, cha mti au cha plastiki. Kina kigogo cha uzi kama kile cha cherehani, kimekaa juu ya msumari wenye nati na springi ya kukaza, na upande mmoja pana pengo au mfereji unaopanda juu ya upote. Uzi hutoka katika kigogo, hupita mdomoni mwa chombo, na chombo kikizungushwa huulaza.

Atakaye kukichagua na atazame mambo manne. Kwanza, mfereji uwe laini kabisa, maana ukiwa na mkwaruzo utakata nyuzi zile zile ulizokusudia kuzilinda. Pili, kigogo kizunguke sawasawa. Kikishika na kuachia, mizingo mingine itakaza na mingine italegea. Tatu, nati ikazike na kulegezwa kwa urahisi, tena isijilegeze yenyewe wakati wa kazi. Nne, chombo kisiwe kizito upande mmoja hata kikayumba.

Kutumia kwake ni hivi. Upote uvutwe kwanza ukaze kama ulivyo upindeni, kwa sababu ukizongwa ukiwa umelegea, ukivutwa utakuwa mwembamba na mizingo itateleza. Mwanzo wa uzi ulazwe juu ya upote, ufunikwe kwa mizingo kama kumi, ndipo ncha ikatwe. Kisha zungusha chombo polepole, kila mzingo ukae ubavuni mwa mwenzake, pasiwe na nafasi wala kupandana. Zungusha kwa upande ule ambao vidole vya mpigaji vitaukaza uzi, si ule vitakaoufungua. Ukifika mwisho, fanya kitanzi kikubwa, zonga mizingo ya mwisho juu ya ncha yenyewe, vuta ncha ipite chini yake, ukate. Usikaze mno, kwa kuwa upote utakuwa mgumu na kujipinda. Wala usilegeze, kwa kuwa mzongo utahama, na mshale utaondoka mahali pake.

Kipimo cha mwisho ni mshale wenyewe. Uweke upoteni, uache uning'inie kuelekea chini. Usipoanguka wenyewe, na upote ukipigwa kidogo kwa kidole mshale ukaanguka, kazi ni njema. Ukibana sana, mshale utavutwa upande unapoondoka. Ukilegea, waweza kuanguka wakati wa kuvuta. Na mtu akiachia upote mtupu, upinde wapata dhara lile lile tulilolieleza hapo juu.

Basi, wasomaji wapenzi, hizo ndizo habari za upote. Katika nyumba za makumbusho watu husimama mbele ya pinde kubwa na kuzistaajabia, kama zile zilizotolewa katika merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka ule ule 1545 na kuinuliwa mwaka 1982. Ni haki yao kustaajabu. Lakini tukifundisha watoto habari za vita na wafalme, tusiache kuwaambia pia habari za fundi aliyeketi na nta na uzi, akizonga mzingo baada ya mzingo, naye akijua kwamba mtu asiyemjua atautegemea mkono wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mwalimu Ascham, ambaye hakuisikia methali hii, aliwafundisha watu wake maana yake kwa uzi mmoja tu.