Kutoka Ngozi ya Mafuta hadi Taulo Isiyotaka Mafuta

Kabla ya taulo za maikrofaiba kuenea, gari lililooshwa lilikaushwa kwa shamwa, yaani ngozi laini iliyopewa jina la mnyama wa jamii ya mbuzi wa milima ya Ulaya, ingawa kwa muda mrefu imekuwa ikitengenezwa kwa ngozi ya kondoo iliyolainishwa kwa mafuta ya samaki. Mafuta hayo ndiyo uhai wake, kwani aliyeifua kwa sabuni kali aliyaondoa, na ngozi ikakakamaa kama gome.

Taulo iliyokuja kugeuza kanuni hiyo ina asili yake Japani, ambako mwaka 1970 Miyoshi Okamoto wa kampuni ya Toray alitengeneza nyuzi nyembamba mno, zilizotumika kwanza katika kitambaa kinachofanana na ngozi, Ultrasuede, wala si katika vitambaa vya kufutia. Wembamba huo hupimwa kwa denia, yaani uzito wa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, na maikrofaiba ni ule usiofikia denia 1. Katika taulo za magari, poliesta huunganishwa na poliamidi, ambayo ni jamii ya nailoni, mara nyingi kwa uwiano wa 80 kwa 20, kisha kila unyuzi hupasuliwa kiwandani kama chungwa linavyoachana vipande, na kingo zinazobaki ndizo zinazonasa vumbi.

Umuhimu wa kingo hizo ulidhihirika zaidi baada ya vanishi angavu kuenea juu ya rangi za magari katika miaka ya 1980, kwa kuwa mikwaruzo midogo ya vumbi lisilonaswa, isiyoonekana kivulini, hujitokeza juani kama utando wa buibui.

Hapo ndipo ufuaji ulipogeuka kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Dawa ya kulainisha nguo, inayoacha utando wa mafuta juu ya nyuzi, huziba nafasi zinazofyonza maji, hata tone likidondoshwa juu ya taulo hubaki limesimama. Nguo za pamba nazo, zikifuliwa pamoja na taulo hiyo, huiachia vinyweleo ambavyo kingo zile hazivibagui na uchafu mwingine. Joto kali ndilo baya kuliko yote, maana ncha za nyuzi hulegea, hushikana na kuwa ngumu, na taulo ya namna hiyo hairudi tena kwenye rangi, bali fundi huipeleka kufuta magurudumu.